Gitaa Lililonyeshewa hadi Munanila

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nimeshika sufuria ya moto, naiweka chini kwanza. Hasira yake haijaisha. Watu husema nasaha ni za wenye mvi. Mimi mvi sina, nina mtoto wa pili mgongoni na cheti cha kidato cha nne kabatini, na hata hilo neno mwanangu nakuita kwa upendo tu, maana umri haujatuachanisha sana. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, na mengine nimeyaona mapema. Umeniuliza ukianza kuzunguka na kwaya ubebe gitaa gani, la mbao au lile la kaboni, lipi linavumilia barabara. Jibu langu lina watu ndani yake, kwa hiyo kaa.

Eliya, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa bado ananyonya. Nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya yetu Kibondo, mwanamke peke yangu upande wa vyombo. Mwalimu wa kwaya alikuwa Mwalimu Sanga, mtu wa Njombe aliyepangiwa kufundisha shule ya msingi huku kwetu. Hakupenda mama anayenyonyesha ashike gitaa. Kusema wazi hakusema, alisema methali.

"Mama Eliya, mshika mbili moja humponyoka."

Methali ni ya kweli, sibishani na waliotutangulia. Ila mpiga kinanda wetu alikuwa na watoto wanne, na sijawahi kusikia akiulizwa amewaacha na nani.

Tulialikwa Munanila, kule juu karibu na mpaka wa Burundi, kanisa jipya lifunguliwe. Kabla ya safari Mwalimu akanipa sharti mbele ya kwaya nzima: gitaa likipata lolote njiani, tukirudi linashikwa na mwingine, na mimi narudi kwenye mstari wa sauti ya kwanza. Nikasema sawa. Ungeniona nilivyosema sawa!

Magitaa yalikuwa mawili. La kwaya lilikuwa la mbao, zee, tumbo lake limeng'aa pale mikono ya watu wengi ilipopita. La pili lilikuwa la daktari kijana wa hospitali ya wilaya, jeusi tii, ambalo alilinunua akiwa masomoni ng'ambo. Alikuwa na zamu, hakuweza kuja, akatuazima gitaa lake. "Lipeni taabu njiani," akaniambia, "mkirudi mniambie limefanyaje."

Nilimuuliza sana yule daktari, maana usilolijua ni kama usiku wa giza. Akanieleza kwamba limetengenezwa kwa nyuzinyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele, zinafumwa kama kitambaa, kisha zinagandishwa kwa gundi ngumu ndani ya kalibu. Mbao hunywa unyevu na kuutema. Masika gitaa la mbao linavimba, nyuzi zinapanda juu mpaka vidole vinauma. Kiangazi linasinyaa na kupasuka. Hili jeusi halinywi wala halitemi. Nikaligonga kwa kidole. Likajibu kama kibuyu kikavu. Vijana wa kwaya wakaliita gitaa la mkaa. "Likiharibika tutapikia maharage," wakasema, wakalitupa chini ya mabenchi ya pikapu la kanisa pamoja na mikungu ya ndizi.

La mbao nililipakata mimi. Nililifunga kitenge, nikalifunga na kingine, nikalala nalo Kasulu tulipopumzika kama mtu aliyejifungua mapacha. Mvua ilitupiga kutoka Kibondo, turubai likavuja. Mwanakwaya mwenzangu alimbeba Eliya nikiwa na gitaa, nami nikampa gitaa nikinyonyesha. Hivyo ndivyo tulivyosafiri, mwanangu, na nilijiona shujaa.

Asubuhi tukapanda Munanila, mvua imekatika na jua limetoka. Wazee wa pale walikuwa wamejipanga kutupokea. Wewe wa mjini huenda hujui vizuri salamu ya Kiha. Haitolewi kwa mkono mmoja. Unainama, unapiga makofi polepole, viganja vikutane kwa adabu, unaulizwa nyumbani, watoto, shamba, njia, nawe unauliza vilevile, na hakuna anayeharakisha. Mimi nilishuka na Eliya mgongoni, gitaa kifuani. Mbele yangu alikuwa Bibi Anastazia, mzee wa akina mama wa kanisa lile, mwembamba kama mpini.

"Mwakeye," akasema, anapiga makofi.

"Mwakeye, bibi," nikajibu, nikainama nusu, mkono mmoja umeshika gitaa.

Akaacha kupiga makofi. Akamgeukia jirani yake. "Huyu amekuja kutuona sisi, au amekuja kutuonyesha sanduku lake?"

Wakacheka. Uso ukaniwaka.

"Bibi, hiki chombo ni cha kuvunjika."

"Na mimi je, ni wa chuma? Kiweke chini, mwanangu. Kitu kisichoweza kuwekwa chini kitakunyima watu."

Chini palikuwa tope. Nikabaki nimesimama. Ndipo Mwalimu Sanga, kwa haya ya kuaibishwa mbele ya wenyeji, akaninyang'anya. "Lete hapa!" Akalilaza juu ya boneti ya pikapu. Pikapu lililokuwa limetoka kupanda mlima ule! Nikapiga makofi yangu mawili ya haki, nikaulizwa mpaka mbuzi wa kwetu wanaendeleaje, na mstari wa wazee ulikuwa mrefu.

Nilikuwa kwa mzee wa mwisho niliposikia kishindo kidogo, kama ganda la maharage linapopasuka juani. Joto lilikuwa limelainisha gundi. Kile kijiti cha tumboni kinachoshikilia nyuzi, wenyewe tunakiita daraja, kilikuwa kimebanduka, nyuzi zimelegea kama kamba za nguo.

Mwalimu akaja, akatazama, akatikisa kichwa. "Nilisema mimi. Tangu Kibondo nilisema. Leo tutaimba kavu, na tukirudi unajua tulivyokubaliana."

"Mwalimu, pale juu niliweka mimi?"

"Tusibishane mbele ya wageni."

"Wageni ni sisi. Nauliza, niliweka mimi?"

Hapo, mwanangu, ningeweza kulia, na nilikuwa na sababu. Lakini udadisi ulinishika kuliko machozi. Nikapanda kwenye pikapu, nikasukuma mikungu, nikalivuta lile jeusi. Lilikuwa limekanyagwa, limekaliwa, lina tope mpaka shingoni. Nikaligeuza. Maji yakamwagika kutoka tundu lake, yakatoka na majani ya migomba na ganda la karanga. Watoto wa Munanila walicheka mpaka wakakaa chini. Nikalifuta kwa kitenge, nikapiga uzi mmoja mmoja. Nyuzi mbili zilikuwa zimeshuka kidogo tu. Nikazirudisha. Mwili wake nikaukagua kwa vidole, mbele na nyuma, hakuna palipovimba, hakuna palipoachia.

"Mti gani huo?" Bibi Anastazia alikuwa amenifuata.

"Si mti, bibi. Ni kaboni."

Akaligonga kama anayechagua chungu sokoni. "Hmm. Na mtoto utampeleka wapi?"

Kabla sijajibu, Mwalimu akaingilia: "Ndilo hilo nililomwambia, mama. Achague."

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Achague nini? Wewe mwalimu, ulipolelewa mama yako alikuwa amekaa tu? Hapa kuna wanawake wangapi wenye migongo?" Akanigeukia. "Fungua hiyo kanga. Nipe huyo mtu."

Nilipiga wimbo wote, mwanangu. Sauti ya gitaa lile ni kali kidogo, safi, haina ule uzito wa mbao iliyozoea watu. Baadaye Bibi alisema linaongea kama mtu aliyesoma sana, na mimi sikumpinga. Ila lilisikika mpaka nje ya kanisa, na Eliya alilala.

Mwalimu Sanga hajaniomba radhi mpaka leo. Lakini mazoezi ya kwanza tuliporudi Kibondo, kwaya ilikuwa imesimama tayari, nami nilikuwa nimekaa pembeni namnyonyesha Eliya, gitaa jeusi mapajani. Mpiga kinanda akauliza, "Tuanze?" Mwalimu akakohoa, akasema, "Subirini, mpiga gitaa hajamaliza." Na kwaya nzima ikasubiri.

Sasa swali lako. La mbao fundi wa vitanda Kasulu alilibana kwa gundi na vibanio, likarudi, na sauti yake jioni nyumbani haina mpinzani. La kaboni daktari alituachia, likakaa kwetu muda mrefu, likala vumbi na mvua bila kulalamika, mpaka siku lilipodondoka kwenye pikipiki iliyokuwa mbioni, likapata ufa ubavuni. Tulizunguka mafundi wote. Hakuna aliyejua pa kuanzia. Kwa hiyo usidanganywe kwamba halivunjiki. Linavunjika mara chache, na likivunjika huku kwetu, limevunjika kweli.

Nasaha yangu ni hii. Kwa barabara zetu, beba la kaboni ukilipata, ili ukishuka uweze kuliweka popote na kuwasalimu watu kwa mikono yote miwili. La mbao liache nyumbani, ulipige kila siku, lizeeke pamoja nawe. Ukiwa na la mbao tu, nenda nalo hivyohivyo, ila usiliweke juu ya kitu cha moto, hata aliyekuamuru awe nani. Na mtu akikusimamisha akuambie uchague mtoto au gitaa, muulize kwanza yeye alichagua lini. Kisha tafuta mgongo wa mwenzako, ipo mingi.

Mungu akujalie njia isiyokutupa, wenyeji wanaokuuliza mpaka habari za mbuzi, na nyuzi zisizokatika kabla ya kiitikio. Na ukijaliwa mtoto, alale wimbo unapoanza.