Maji ya Nakuru Hayafiki Mia

Habari za kifo chake zilinifikia nikiwa kwenye foleni ya kununua dawa ya presha hapa Nakuru. Aliyenipigia simu ni mama anayeuza chai kwenye lango la gereji yake. "Mzee, fundi wetu ametuacha," alisema, nami nikasikia akimmiminia mtu chai. Wasomaji wangu wengi hamkumjua. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, mzaliwa wa Elburgon, aliyeanzia kwenye mashine za kupasua mbao kabla ya kushuka mjini na bisibisi mbili mfukoni. Tangu siku ile najikuta nikipita upande wa gereji hata gari likiwa zima, nikitamani tu kuiona miguu yake ikichungulia chini ya gari la mtu.

Geji, kile kipimo cha sindano mbele ya dereva, ndiyo iliyotukutanisha. Nilikuwa na pikapu kuukuu ya otomatiki, nikiitumia kupandisha mawe ya kujengea nyumba yangu ya uzeeni kule Elburgon. Gari lilikuwa na geji ya joto la injini tu. Joto la oili ya giaboksi halikuonekana popote. "Otomatiki haiuliwi na uzee, mzee. Inauliwa na joto," aliniambia, akanishauri nifunge geji ya pili. Kabla ya kuifunga alifanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Aliomba sufuria ya mama chai, akaunganisha geji na betri, akatumbukiza sensa, kile kipande kinachopima joto, kwenye maji yanayotokota, tukasimama kuitazama sindano.

"Leo mnapika waya?" mama akauliza. "Hiyo supu mtakunywa wenyewe."

Sindano ikapanda, ikasimama kabla ya kufika mia. Mimi na kidato changu cha nne nikatangaza kwamba geji ni mbovu, maana shuleni tulifundishwa maji huchemka yakifika mia.

"Hiyo ni Mombasa, mzee," alijibu bila kuinua macho. "Huku juu maji yanachemka mapema. Ingeonyesha mia, ningeirudisha dukani."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Fundi hakucheka. Aliingia chini ya gari, akafunga sensa kwenye paipu inayotoa oili kwenye giaboksi kwenda kupozwa. "Hapa ndipo iko na moto wake," alisema kutoka kule chini. "Ukiweka kwa paipu ya kurudi, utaiona oili ikishaoga, imepoa."

Natamani ningeishia hapo. Lakini kila nilipoupanda mlima wa kutoka Njoro na shehena ya mawe, sindano ilipanda nami, na mke wangu aliyeketi kando yangu aliiona. "Simamisha, baba. Imepanda tena." Tulisimama mara mbili, mara tatu, tukingoja oili ipoe huku malori yakitupita yakipiga honi. Nilikuwa na haraka ya kuezeka kabla ya mvua, na nilichoka kuamriwa na kisindano. Siku moja nilimwendea fundi wa kando ya barabara pale Njoro nikamwambia aihamishe sensa kwenye paipu ya kurudi. "Itatulia, boss," akasema, na kweli ikatulia. Mke wangu alilisifu gari kwamba limepona. Sikumwambia kitu. Niliongeza mawe.

Giaboksi iliungua kabla ya paa kupanda. Gari lilivutwa mpaka gerejini kwake, na kwa kuwa hasira ya mwenye kosa hutafuta mlango wa jirani, nilimkabili mbele ya watu. Miongoni mwao alikuwapo mwenye malori aliyekuwa amekuja kuzungumza kuhusu kazi ya mwaka mzima. "Geji yako imenidanganya!" nilipaza sauti. "Sindano iko chini na giaboksi imekuwa makaa!" Fundi akaingia chini ya gari. Alikaa huko kitambo. Alipotoka alinitazama, nikajua ameiona sensa ilipo. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akasema, "Pole, mzee. Tutaangalia." Basi. Mwenye malori aliondoka na kazi yake, na hakurudi.

Miaka iliyofuata tulikutana mara nyingi, sokoni na kwenye harusi za watu. Salamu yake ilikuwa moja: "Sindano inasemaje, mzee?" Nami nilijibu, "Iko sawa." Kila mara alinifungulia mlango, na kila mara niliupita. Nimewaza sana kwa nini tunapenda kipimo kinachotubembeleza. Hata presha yangu nilikuwa naipima baada ya kupumzika siku nzima, ili daktari asinigombeze. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Hawakusema kwamba huenda kifo chenyewe kikawa cha mtu mwingine.

Tulimzika Elburgon, kwenye baridi ya Mau. Nilipewa kipaza sauti, nikasema alikuwa mchapa kazi, nikaketi. Baadaye binti yake, ambaye sasa ndiye fundi wa gereji ile, alinijia na kikombe cha chai. "Mzee, wateja bado huniuliza. Ni kweli geji ya baba ilikudanganya?" Nilimwambia ukweli pale pale, mke wangu akisikia. "Mimi umeniambia," binti akasema. "Na wale waliokuwa wamesimama pale?"

Ndiyo maana naandika. Wewe mwenye malori, na wewe uliyenisikia siku ile na kuipeleka habari mbele, jueni kwamba geji haikudanganya, na aliyeifunga hakukosea. Mimi ndiye niliyeihamisha sensa, nikamwachia yeye aibu yangu mpaka kaburini. Aliye na wa kumwomba radhi asingoje apewe kipaza sauti.

Jumatatu niliipeleka kwa binti pikapu ile ile, ambayo fundi mwingine aliibadilisha giaboksi na kuiacha sensa kwenye paipu ya kurudi. Aliing'oa sensa, akaomba sufuria kwa mama chai. Safari hii hakuna aliyetania. Maji yalitokota, sindano ikapanda, ikasimama pale pale, chini ya mia. Kisha binti akaingia chini ya gari kuirudisha sensa mahali baba yake alipoifunga, nami nikabaki nikiitazama miguu yake.