Vidole Viwili vya Mzee

Kila Jumapili asubuhi, pale mkahawani, mzee yule humshukuru anayemmiminia chai kwa kugonga meza kwa vidole viwili vyenye wino wa gazeti, awe mhudumu au mjukuu, bila kuinua macho. Jumapili hii birika alilishika bintiye Sau-lan, ambaye mzee hajamsemesha tangu juzi binti huyo alipotangaza kuwa anahamia Kanada. Vidole vikalala kimya kando ya kikapu cha maandazi ya mvuke. Sau-lan akamimina. Kikombe kikajaa, akazidi kumimina, chai ikafurika hadi kwenye gazeti.

“We mtoto, huoni kimejaa?” mama akafoka.

“Naona, mama. Namsubiri baba.”

Meza nzima ikaacha kutafuna. Mzee akalikunja gazeti lililolowa, akaliweka kando, kisha humo humo ndani ya chai ya moto iliyotapakaa mezani akagonga mara mbili.