Baba Alivyokufa Mara Tatu Kwenye Sinema

Enzi zetu, huko kwenye mashamba ya wazungu juu ya Subukia, sinema ilikuja kwa lori mara chache kwa mwaka, nasi tuliingojea kuliko Krismasi. Watoto wa leo wanaobeba sinema mfukoni na bado wanalalamika kwamba wameboeka hawawezi kuelewa. Tulikaa chini kwenye stoo ya pareto, madirisha yamezibwa kwa magunia, vumbi la maua likitupigisha chafya.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka Mau Mau msituni. Wazungu wa sinema walikuja shambani kutafuta watu wa kuigiza Mau Mau. Wakamchagua baba yangu, mkamuaji wa ng'ombe, mtu mpole aliyezungumza na kila ng'ombe kabla ya kumgusa. Wakamvika ngozi, wakambandika nywele za manyoya ya kondoo hadi mabegani, wakampa panga la mbao. Kazi yake ilikuwa kutoka kichakani akipiga mayowe, apigwe risasi, afe. Wiki nzima alifanya mazoezi ya kufa uani, nasi watoto tukianguka nyuma yake.

Mama alitutazama tu. "Hao watu wa msituni wana kazi," akasema. "Wapige mayowe hivyo, halafu wajifiche!"

Sinema ilipoletwa, baba alikufa mara tatu, maana walikuwa wamempiga picha pande tatu na wakazitumia zote. Stoo nzima ilicheka, mimi kuliko wote. Asiyecheka alikuwa koplo wa homgadi, wale askari waliowekwa kutulinda dhidi ya jamaa zetu wenyewe. Asubuhi akaja nyumbani na wenzake wawili.

"Huyu nimemwona kwa macho yangu akivamia nyumba ya mzungu."

"Afande, ile ilikuwa sinema," baba akasema.

"Kwani sinema inaonyesha uongo?"

Wakampeleka kituo cha Bahati kuhojiwa. Alikaa huko siku kumi na moja, mpaka mzungu mwenye shamba alipokwenda kueleza kwamba zile nywele zilikuwa za kondoo. Baba alirudi akichechemea, meno mawili hayapo. Mimi niliyecheka sana nilishindwa kumtazama usoni.

Siku hizo zote, mama alikuwa akipita mbele ya koplo huyohuyo, kiondo mgongoni, kitambaa cha kanisa kichwani, kimepigwa pasi. Juu kulikuwa na kabichi. Chini kulikuwa na unga na dawa za vidonda, vya kupeleka msituni. Koplo alimhurumia.

"Pole, mama. Ukiona mtu mwenye nywele ndefu, piga kelele."

"Ndiyo, afande."

Haya mama alitueleza baada ya uhuru, tukiambua maharagwe. Baba alikuwa hajui lolote. Akasema, "Kumbe ni wewe walikuwa wanatafuta."

"Ningekuambia," mama akajibu, "ungewaambia ng'ombe."

Juzi mjukuu wangu wa mtaa wa Milimani, mjini, aliniuliza mimi nyanya yake, "Cucu, Mau Mau walikuwa wanakaa aje kwa sura?" Nikamletea picha ya mama yangu. Akaiangalia, akacheka.

"Zii, Cucu. Huyu hakai Mau Mau."

Akarudi kwenye simu yake kutazama sinema ya vita. Sisi, lori la sinema lilipoondoka, tulirudi nyumbani tukiwauliza wazee maswali njia nzima. Yeye tumeketi naye kochi moja, na hajaniuliza tena.