Siku Ngege Walipomwagika Kanisani

Watu wa kazini sijawahi kuwaambia hii, na nyinyi mkicheka mcheke polepole, kwa sababu hiyo aibu bado inaniwasha masikio.

Ilikuwa ile Januari ya fujo, baada ya kura ya 2007. Nilikuwa naishi Kambi Muru, Kibera, na kazi yangu ilikuwa kusaidia watafiti wa samaki: unakata kipande kidogo cha pezi, unakiweka kwa kichupa cha spirit kisioze, halafu maabara inasoma vinasaba. Samaki mwenyewe ni ngege wa kwetu ziwani, na anaisha, na penye hajaisha amezaana na tilapia wa kuletwa. Vichupa vya wiki hiyo vilikuwa bado kwangu nyumbani, na vingine vilitoka kidimbwi chenye kilikuwa kimeshakauka, yaani vikipotea ndio basi.

Moto ulipokaribia nyumba yetu, nikaogopa vichupa vitapasuka kwa begi, nikavishindilia kwa thermos ya uji, ile ya mdomo mpana, nikatoroka nikijiona mjanja sana. (Nguo za kubadilisha nilisahau. Mapezi sikusahau.)

Nikafika Kawangware kwa Auntie Adhiambo, dadake mama, aliyeolewa na fundi viatu wa kutoka Kitui, Uncle Musyoka. Wakanipa maji ya kuoga, wakanilisha, hawakuniuliza kitu. Kesho yake Jumapili nikalala kama gogo, na Auntie hakutaka kuniamsha, akabeba thermos zote za nyumba kupelekea watu waliokimbilia kanisani. Yangu aliisikia nzito, akadhani ni uji.

Kuamka, thermos haiko! Jirani akaniambia zimepelekwa kanisani. Nikatoka mbio na leso na ndara za Uncle, na kuingia kanisani tu, pasta huyo ameiinamisha juu ya kikombe cha nyanya mmoja. Vichupa vikamwagika, vikabingirika mpaka chini ya mabenchi, kimoja kikapasuka, harufu ya spirit ikajaa kila mahali.

"Chang'aa! Pombe kanisani!" mtu akapiga kelele.

"Chang'aa gani iko na nyama ndani? Huu ni uchawi!"

Sasa mimi, badala ya kunyamaza niokote, nikasimama mbele nikaeleza kwa sauti: "Ni za samaki! Tunapima tujue nani ni safi na nani amechanganyika, halafu tuwatenganishe!"

Kanisa lote likanigeukia. Hapo mbele alikuwa ameketi mama aliyefukuzwa Mashimoni, hapo hapo Kibera, juu bwanake ni wa kabila lingine, na kando yake binamu zangu watatu, nusu Wajaluo, nusu Wakamba. Ndipo nikasikia vile maneno yangu yalivyotoka.

Uncle Musyoka akauliza polepole, "Na hao wamechanganyika mnawafanya nini?"

"Hakuna, Uncle. Wanaendelea kuogelea. Ni vile hawa wengine wamebaki wachache, tunawatafutia pahali salama pa kuzalia."

"Si ungeanza hapo," akasema, akapiga magoti akaanza kuokota.

Yule mama wa Mashimoni naye akainama, akatoa kimoja chini ya benchi, akakipangusa na leso. "Shika. Huyu wako pia alikuwa anatoroka."

Auntie ndiye alianza kucheka, halafu kanisa zima, watu wenye hawakuwa wamecheka wiki hiyo yote. Pasta naye akaombea wote waliofukuzwa kwao, wa nchi kavu na wa majini.

Tangu hapo nimeapa: kabla sijafungua mdomo kueleza watu kazi yangu, kwanza nawauliza wametoka wapi na wamelala aje.