Vifaranga wa Mama Apio na Laini ya Uganda

Nakumbuka asubuhi moja Malaba, mpakani na Uganda, mwanangu, ukungu umelalia malori na mlio wa vifaranga umejaa uwanja mzima, mwororo kama manyunyu juu ya bati. Mpaka leo nikisinzia kitini nausikia.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo forodhani, mali ya Mzee Emase, mzee mpole wa kabila la Wateso ambaye hakujua hata kuwasha kompyuta. Vifaranga walikuwa wa Mama Apio, mjane wa Tororo, upande wa Uganda. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wa mwisho ili awanunue. Sasa cheti cha daktari wa mifugo kilikuwa kimesahauliwa Nairobi, na bila nakala yake hakuna boksi la vifaranga ambalo lingevuka. Simu za waya zilikatwa na mvua. Jua likishapanda, viumbe wale wangeanza kufa.

Mimi nilijiona ndiye dawa. Nilikuwa na laptopu ya ofisi, yenye Windows, na simu ya mkononi yenye laini ya Uganda. Mtandao wa kwetu ulikuwa haujatufikia, lakini wa jirani ulivuka mto bila kuulizwa pasipoti. Waya wa kuunganisha simu na kompyuta ulikuwa ghali, hivyo niliviweka kwenye meza ya barazani vitazamane, kijicho cheusi cha simu kwa kijicho cha kompyuta, vipashane habari kwa mwanga usioonekana. Kompyuta ingeipigia ile ya wenzetu wa ofisi ya Nairobi na kuchota nakala. Usicheke. Kwa mfuko wetu, hiyo ndiyo ilikuwa intaneti.

Kabla ya kupiga, kompyuta iliuliza niko nchi gani. Nikajibu Kenya, kifua mbele. Ikapiga, ikanyamaza. Nikarudia, kimya. Nikainua simu kuielekeza Tororo, kama tulivyofanya sote pale mpakani, nikaulaumu mtandao, nikailaumu na mvua. Mama Apio alikuwa akipepea maboksi kwa leso, wala haniulizi kitu. Afadhali angenitukana.

Ndipo Mzee Emase akaja na kiti chake, akaketi, akaichungulia simu.

"Kijana, hii laini ni ya wapi?"

"Ya Uganda, mzee."

"Na wewe umeambia hiyo mashine uko wapi?"

"Kenya. Si niko Kenya?"

"Miguu yako ndiyo iko Kenya. Anayekubebea sauti amesimama Uganda. Ukivuka kwenda matanga kule, si unasalimia kwa salamu yao? Sasa wewe umebebwa na jirani, halafu unajifanya uko kwako."

Niliona aibu, mwanangu, na hasira pia, maana nilikuwa nimesomea mambo hayo na yeye hakuyasomea. Wazee walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mimi nilikuwa nimeenda kwao na macho yangu yote mawili, tena nikiyakodoa. Nikabadilisha jibu nikaandika Uganda, na kompyuta yenyewe ikaanza kuipigia Nairobi kama nchi ya ng'ambo, ikitanguliza namba ya Kenya.

Nairobi ikaitikia. Mzee akawaomba madereva wa malori wasiisogelee meza, wasije wakaukata ule mwanga, wakasimama walipokuwa, mmoja na kikombe cha chai mkononi. Uwanja ukatulia kama usingizini. Ukungu ulikuwa unainuka, vifaranga wanalia, na nakala inakuja kidogo kidogo, nami naogopa hata kupumua. Tukaichapa, afisa akagonga muhuri.

Lakini boksi moja lilikuwa limeshanyamaza. Mama Apio alilifungua, akaangalia, akalifunika kwa leso yake. Kisha akanishika mkono na kunishukuru kwa Kiteso, "Eyalama," akavuka na yaliyobaki. Shukrani ile ilinilemea.

Mwanangu, maskini hupita kwa njia ya jirani, na si aibu. Siku hizi utaunganisha mashine yako kwa kubofya tu, lakini utakuwa bado unabebwa na mtu. Mjue ni nani, na useme. Ukikosa njia, jiulize kwanza wewe umesema nini, ndipo ulaumu mtandao. Kiburi chako hakitakuumiza peke yako. Kuna mtu kando anapepea boksi lake, na hana muda wa kukusubiri ujifunze.

Mungu akupe majirani wema, akupe na moyo wa kukiri kwamba wamekubeba. Uvuke salama, na unaowavusha wafike wakiwa hai.