Sahani ya Kombe

Katika miaka ya hamsini mke wangu na mimi tulipanga ghorofa ya juu Malindi, mjini Unguja, na baada ya miaka saba ya ndoa hatukuwa na mtoto. Lakini watoto wa watu walitujaa. Baada ya sala ya alasiri wavulana watano sita walikuja ukumbini niwafundishe Kiingereza na hesabu za mtihani. Niliwakataza kufuta kosa kwa raba. Nilitaka walikate kwa mstari mmoja, nione walipokosea. Wasichana walipita chumba cha ndani, mke wangu akawafundisha kushona kofia, na hayo mengine ambayo msichana aliyevunja ungo hamuulizi mama yake.

Mmoja wao, binti wa Kiembe Samaki, alimtaka awe somo wake, amfunde mpaka siku ya harusi. Mke wangu alikuwa hajapata kuombwa jambo kama hilo. Alinunua doti ya kanga ya kumpa, akaiweka sandukuni, na mara kwa mara nilimkuta ameitoa anaitazama.

Mwaka huo huo tulikwenda kupimwa. Daktari aliniita peke yangu. Kwa mke wangu hakuona tatizo. Tatizo lilikuwa kwangu, na dawa yake hakuwa nayo. Nilipotoka nilimwambia mke wangu kwamba sote wazima, tungoje majaaliwa. Akaendelea na kombe. Mwalimu wa chuoni aliandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, mke wangu akaziosha kwa maji ya waridi na kuyanywa asubuhi kabla hajatia kitu tumboni. Mimi ndiye niliyekwenda kuichukua sahani. Niliibeba kwa mikono miwili njia nzima, huku ninajua.

Zilipobaki wiki mbili kabla ya harusi, mama wa yule binti alikuja. Alizunguka sana, akauliza hali za watu wote wa mtaa, mwisho akasema wakwe wameleta neno: somo awe mtu aliyezaa.

"Usinione mbaya, shoga yangu. Mimi sina neno na wewe. Wao ndio wanaosema mkono wako mkavu."

Kutoka chumba cha ndani mke wangu alinigeukia mimi niliyekuwa ukumbini na wavulana, mlango ukiwa wazi baina yetu.

"Bwana, si tulipimwa sote wawili? Mwambie daktari alisema nini."

Wavulana waliacha kuandika.

"Hayo yenu wanawake," nikasema, "msinitie mimi."

Nikachukua kofia yangu nikaenda msikitini, na magharibi ilikuwa bado kabisa.

Binti alifundwa na mwengine. Wale wasichana waliobaki nao wakapungua, mama zao wakituma udhuru, mpaka chumba cha ndani kikabaki na mkeka mtupu. Hapo ndipo nilipomwambia mke wangu ukweli. Nilidhani nafanya jambo la kiume.

Hakulia. Aliniuliza, "Siku ile, mama yake alipokuwa kakaa hapa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi kunambia leo kuna faida gani?"



Siku ya pili mchana alinipakulia wali katika ile sahani nyeupe ya kombe. Nilikula nikamaliza. Alasiri wavulana wangu walikuja kama kawaida.