Skrubu Kisiginoni mwa Gitaa

Carmela Tedesco aligonga kifua cha gitaa kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Palipotakiwa kuitikia palikuwa bubu. Lilikuwa gitaa kuukuu la jazi, kifua kimechongwa kikabinuka kama cha fidla, na kabla ya kufika karakana yake ya Newark lilikuwa limeshapita mikononi mwa mafundi vishoka wawili. Badala ya gundi ya ngozi, inayolegea kwa mvuke, walimimina gundi ya mabomba, kisha wakazamisha skrubu ndefu kisiginoni mwa shingo, pale inapoungana na kifua.

"Nikiitoa, shingo inang'oka na kifua. Nikiiacha, mbao inazidi kupasuka. Niachie hadi baridi ianze."

"Kesho tunaitembeza sanamu ya mtakatifu mtaani," alisema mzee Rocco, mwenye gitaa. "Tangu enzi za marehemu babangu, hili ndilo linalotangulia. Kaza nyuzi, binti. Babako asingeniletea maneno mengi."

"Babangu alikufa na jicho moja, mzee. Lile lingine lilitolewa na uzi wa gitaa alilolikaza kwa haraka."

Rocco alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alilipakata gitaa, akaanza kukaza mwenyewe. Ndani kitu kikalia tik, kama ukucha juu ya meza. Akakaza tena. Tik.

Carmela alishusha magitaa mengine ukutani, moja moja, akayapeleka chumba cha nyuma. Kisha akavaa miwani yake ya kazi, akamwekea Rocco gotini miwani nyingine, ile ambayo babake Carmela aliinunua akiwa ameshachelewa.